Kung'oa Kilichoharibika katika Motokaa Kuukuu



Si wachache miongoni mwetu wanaonunua motokaa kuukuu, hasa zile Land Rover zilizotumikia Serikali, misheni na polisi kwa miaka mingi, kisha zikauzwa mnadani zikiwa zimesimama. Wanazinunua kwa nia njema ya kuzirudisha katika hali yake ya kwanza, na nia hiyo twaisifu, kwa maana kitu kilichotengenezwa vema hakistahili kuoza uani kwa kukosa mtu wa kukiangalia. Lakini liko jambo moja linalowapotezea wenzetu fedha na kuwavunja moyo. Jambo hilo si bei ya vipuri, wala si ubovu wa barabara zetu, bali ni namna ya kukitoa kile chombo kilichoharibika ndani ya injini. Twasema waziwazi tangu mwanzo, msomaji asije akadhani twazunguka: injini nyingi kuukuu haziuawi na ugonjwa wake, huuawa na mkono wa mtoaji. Kwa hiyo shauri letu ni hili, kwamba katika kung'oa, hasara na ikiangukie kile kilichokwisha kuharibika, wala isikiangukie kilicho kizima.

Tutwae mfano mmoja ambao wengi wanaujua. Ile injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, ikaendelea katika zile za Series III zilizotengenezwa tangu 1971 hata 1985. Ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na hedi yake vilevile. Pistoni zake ni za alumini, nazo zimevikwa ringi za chuma. Silinda zenyewe zimetobolewa katika bloku, hazikutiwa kama vikombe viwezavyo kuvuliwa. Hapo ndipo penye hatari yote. Injini ya Peugeot 404, motokaa iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ina vikombe vya namna hiyo, na maji ya kupoza huvizunguka. Pistoni ikishika, fundi aweza kuvitoa vyote viwili pamoja na kutia vipya. Katika Land Rover hakuna njia hiyo. Ukuta wa silinda ndio bloku yenyewe, na aukwaruzaye ukuta ameikwaruza injini nzima.

Sasa pistoni hushikaje? Injini isimamapo, haikosi silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Hewa ya unyevu, na pengine mvua yenyewe, hupita katika bomba la moshi au kabureta, ikashuka hata juu ya pistoni. Au gasketi ya hedi imekufa, na maji ya rejeta yanavuja ndani kidogo kidogo. Ringi ni chuma, ukuta ni chuma, na katikati yao pana maji: kutu haina budi kuzaliwa. Nayo kutu, wenzetu, ina tabia moja mbaya, kwamba hutaka nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Hujikaza katika upenyo mwembamba kama kabari katika gogo. Masika moja tu yaweza kutosha, na motokaa iliyoingia uani kwa magurudumu yake ikauzwa kama maiti.

Mnunuzi aliyekwisha kulipa fedha yake hapendi kungoja. Huita vijana, hufunga kamba, hutia gia, huivuta kwa lori, kisha huachia klachi ghafula ili injini izunguke ikitaka isitake. Katika makosa yote tuyajuayo, hili ndilo kubwa. Hebu tufikiri nguvu hiyo inakwenda wapi. Yatoka katika magurudumu, yapita giaboksi, yafika kwenye kranki, kisha yapanda katika mkono wa pistoni, ambao mafundi huuita konrodi, hata kuifikia pistoni isiyotaka kwenda. Uzito wa motokaa nzima umekuja kupigana na kitu kimoja chenye upana wa kiganja. Ikiwa konrodi haikupinda, ringi itavunjika. Na ringi iliyovunjika huuchora ukuta wa silinda kama msumari uchoravyo meza. Tena, ikiwa ndani ya silinda mna maji, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Kitu kitakachokubali ni konrodi. Injini iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina mitatu.

Njia iliyo njema huanza kwa kuuliza, si kwa kupiga. Je, kwa hakika ni pistoni iliyoshika? Mara nyingine meno ya stata yamenasa katika meno ya gurudumu la injini, na mtu ameifungua injini nzima kwa kosa lisilo lake. Basi kwanza gia iwekwe huru, stata ifunguliwe, plagi zote zitolewe, ndipo injini ijaribiwe. Ikiwa bado imeshika, na imiminwe dawa katika tundu za plagi: dizeli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na yale mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki, ambayo ni mepesi na hupenya. Kisha ingojewe. Hatusemi saa moja, wala siku moja. Twasema juma zima, na pengine mawili, na dawa iongezwe kila ionekanapo imeshuka. Land Rover hizi zina fadhili ya hendeli ya kuwashia kwa mbele. Kila jioni mtu na aishike hendeli hiyo, aisukume kwa upole upande huu na upande huu, asiweke bomba refu la kuzidishia nguvu. Siku itakapokubali, japo kwa upana wa ukucha, kazi imekwisha kuwa nyepesi. Tena asisahau kumwaga oili ya zamani, kwa sababu dawa ile imeshuka ikachanganyika nayo. Wala asirudishe plagi kabla ya kuzungusha injini na kuitemesha majimaji yaliyobaki juu ya pistoni.

Wako wanaotia moto wa gesi juu ya pistoni, wakidhani joto hulegeza kila kitu. Joto hulegeza pale ambapo kitu cha nje hutanuka kuliko cha ndani. Hapa mambo ni kinyume, kwa maana alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Kuipasha pistoni moto ni kuifungia zaidi ndani ya silinda yake. Nayo bloku ya chuma cha kusubu ikipata moto upande mmoja na baridi upande wa pili, hupasuka. Elimu hii si ya mafundi peke yao. Tuliisoma shuleni katika masomo ya joto na kutanuka, tukafanya mtihani, tukaisahau.

Ikiwa juma mbili zimepita na injini haikukubali, hapana budi kuifungua. Bolti za hedi zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kutoka kando kuelekea katikati, hedi isije ikapinda. Sampu, lile karai la oili lililo chini, lishushwe. Kifuniko cha konrodi ya pistoni iliyoshika kifunguliwe, ndipo kranki itakuwa huru na ile pistoni itabaki peke yake na ugonjwa wake. Kila kifuniko kitiwe alama na kirudi katika konrodi yake mwenyewe, kwa kuwa viwili hivyo vilichongwa pamoja, wala havibadilishani. Kisha ukuta ulio juu ya pistoni usafishwe kutu na masizi yote, maana pistoni za injini hii hutokea juu, na hapo ndipo zitakapopita. Baada ya hayo kitwaliwe kipande cha mti mgumu kilichochongwa karibu sawa na upana wa silinda, kiwekwe juu ya pistoni, na kigongwe kwa nyundo, pistoni ishuke kidogo. Halafu igongwe kutoka chini, ipande kidogo. Kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, na mafuta kila mara. Chuma kisigonge hapo kabisa. Hapo ni mahali pa mti.

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Iko pistoni ambayo hata baada ya hayo yote haitatoka. Hapo fundi husimama penye njia panda, na wengi hufuata njia mbaya: hutwaa nyundo kubwa zaidi na tindo, wakaipiga pistoni pembeni, tindo ikateleza, ukuta ukaumia. Wanaihurumia pistoni! Wanadhani kuitoa nzima ndio ustadi. Lakini pistoni hiyo imekwisha kufa. Hata ikitoka nzima, mwenye akili hatairudisha. Basi na ivunjwe hiyo. Itobolewe kwa keekee katikati ya uso wake, tundu baada ya tundu, kwa uangalifu ncha isifike ukutani. Kisha ivunjwe kuelekea ndani, vipande vitolewe kimoja kimoja kama mtu atoavyo mwiba katika nyama. Pistoni yaweza kununuliwa. Zilitengenezwa hata pistoni zilizozidi kipimo cha kwanza kwa sehemu 10, 20, 30 na 40 za elfu za inchi, ili silinda iliyolika iweze kuchongwa upya na kupata pistoni ya kuitosha. Bloku iliyopasuka haina dawa ya namna hiyo.

Sheria iyo hiyo yashika katika bolti zinazokatika, hasa zile zinazofunga manifoldi ya moshi ubavuni mwa injini. Bolti hizo zimepikwa na moshi kwa miaka 40 au 50, nazo hukatika kwa kuguswa tu. Mtu hutoboa kipande kilichobaki, akatia kile kijiti cha chuma kigumu chenye hesi za kushoto cha kung'olea bolti, akakisokota kwa hasira. Nacho kikamkatikia ndani. Hapo amejitia katika msiba, kwa sababu kijiti hicho ni kigumu kuliko keekee yake, na hakitobokeki. Yafaa zaidi, ikiwa kipande chachomoza japo kidogo, kuchomelea nati juu yake. Moto wa kuchomelea huingia katika bolti yenyewe, bolti hutanuka, ikapoa, ikasinyaa, na ile kutu ikavunjika mshiko wake. Wazee wa kazi hii hugusisha nta ya nyuki penye hesi zikiwa bado moto, nayo nta huyeyuka ikanyonywa ndani. Kisha nati husokotwa nyuma na mbele, mpaka ikubali. Ikikatika tena, huchomelewa tena. Na ikiwa lazima kutoboa, basi ipigwe alama katikati hasa kwanza, na keekee iwe nyembamba, ili ile bolti iliwe yote na hesi za injini zibaki.

Twajua mtu atasema, "Haya yote waambieni mafundi, msituambie sisi makarani." La, wenzetu, twawaambia ninyi kwa makusudi. Fundi afanyaye kazi chini ya mwembe hupatana nasi bei moja kwa kazi nzima. Tukampunguzia bei hiyo mpaka imebaki mifupa. Kisha twamwambia, "Nitakuja kuichukua Jumamosi." Mtu huyu ana watoto, kila siku aingojayo dawa ifanye kazi ni siku asiyopata chakula. Je, atafanya nini isipokuwa kutwaa nyundo? Sisi ndio tuliomtia nyundo mkononi. Twapenda mwisho wa mwezi tulipwe mshahara wetu hata kama faili moja imetukalisha juma zima, kwa kuwa twajua kazi ya uangalifu haipimwi kwa wingi wa karatasi. Basi na tumpimie mwenzetu kwa kibaba kile kile. Tunalo jambo hilo mbele ya macho yetu: mwenzetu mmoja aliponunua Land Rover mnadani, alimharakisha fundi hata motokaa ikavutwa; bloku ikatoboka ubavu kwa konrodi iliyokatika. Alichookoa katika ujira wa fundi hakikutosha kununua hata betri, na motokaa ingali juu ya mawe.

Wengine watasema, "Kwa nini taabu yote hii? Nenda Gerezani, nunua injini ya Kijapani iliyokwisha kutumika, uitie, uende zako." Neno hili lina haki yake. Mtu anayehitaji motokaa ya kuchukulia mazao yake, na hajali ni injini gani iliyomo, hatumlaumu. Mzigo hauulizi jina la injini. Lakini na ajue mambo mawili. La kwanza, namba ya injini imegongwa katika bloku, nayo imeandikwa katika kadi ya motokaa; abadiliye injini hana budi kwenda kuyaandikisha mabadiliko hayo, na asiyeyaandikisha atakuja kuulizwa siku anapotaka kuuza. Sisi tunaokaa nyuma ya meza twajua safari hiyo ina hatua ngapi. La pili, huko si kuirudisha motokaa katika hali yake ya kwanza, bali ni kutengeneza motokaa nyingine ndani ya ngozi ya ile ya zamani. Mwenye kutaka hilo na alitake kwa kujua, wala asilazimishwe kwa sababu mtu alimvunjia bloku siku ya kwanza.

Kwa hayo yote twaleta mashauri matatu mbele ya wanachama.

Shauri la kwanza ni kuhusu ujira. Katika kazi ya kung'oa kitu kilichoshika, na tupatane na fundi kwa siku anazofanya kazi, pamoja na kiasi kidogo kwa siku za kungoja, na mapatano yaandikwe. Katika karatasi hiyo liwemo neno hili: motokaa isivutwe, hedi isifunguliwe, wala pistoni isivunjwe, mpaka mwenyewe ameitwa akaona. Neno hilo humlinda mwenye motokaa, na humlinda fundi vilevile, asije akalaumiwa kwa ugonjwa alioukuta.

Shauri la pili ni kuhusu vyombo. Mtu mmoja hawezi kununua keekee nzuri, zikiwemo zile za kushoto, na spana ya kipimo, na vipimo vya silinda, kwa ajili ya injini moja tu. Lakini chama chaweza kununua sanduku moja la vyombo hivyo, likatunzwa na mwanachama aliyechaguliwa, na kuazimwa kwa kutia saini katika daftari. Tumekwisha kuchangiana katika misiba na arusi. Kuchangiana kwa sanduku la vyombo si jambo geni kwetu. Na vitu vilivyong'olewa, hata vilivyovunjika, visitupwe mpaka injini imewaka. Vitiwe katika makopo, kila kopo na karatasi yake. Pistoni iliyovunjika bado yaweza kumwambia fundi kipimo chake, na bolti iliyokatika yaonyesha hesi za mwenzake. Katika kazi yetu ya ofisi hatuichomi barua kabla jibu halijaja.

Shauri la tatu latuhusu sisi kama watumishi. Motokaa hizi ziliugulia wapi, kama si katika nyua za ofisi zetu, zikingojea kufutwa katika madaftari na kuuzwa? Sisi tuandikao orodha zake twapita karibu nazo kila asubuhi. Kijiko kimoja cha oili katika kila silinda siku motokaa iletwapo kusimama, kopo lililofunikwa juu ya bomba la moshi, na injini kuzungushwa kwa mkono mara moja kwa mwezi, ni kazi ya robo saa. Yatupasa kumweleza mkubwa wa karakana jambo hilo, na kuomba ruhusa lifanyike. Mali ya umma itauzwa kwa bei iliyo bora, na mnunuzi, ambaye huenda akawa mmoja wetu, atapata motokaa isiyohitaji maneno haya marefu.

Wahenga walisema kwamba mwiba hutokea pale ulipoingilia. Kutu iliingia kwa miaka, kimya kimya, bila kumharakisha mtu; haitatoka kwa alasiri moja kwa sababu mwenye motokaa ameandaa safari. Asiyeweza kungoja juma mbili, afadhali aiache motokaa hiyo mnadani, mwenye saburi aje ainunue. Hayo ndiyo maoni yetu kuhusu jambo hili. Mashauri yale matatu twaomba yatiwe katika orodha ya mambo ya mkutano ujao, na la sanduku la vyombo litangulie, maana iko Land Rover moja ambayo mwenyewe amekubali kungoja, na dawa imekwisha kumiminwa.